Sarufi ya Kitufe: Usanifu wa Tajiriba ya Mtumiaji na Lugha ya Kiswahili

Taaluma iitwayo usanifu wa tajiriba ya mtumiaji ilipewa jina hilo na Donald Norman alipokuwa katika kampuni ya Apple, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nia yake ilikuwa kupanua: mtaalamu asiitazame skrini peke yake, bali atazame yote yampatayo mtu anapokutana na chombo, tangu kukinunua hadi kukitengeneza kinapoharibika. Kwa maana hiyo pana, M-Pesa ni kielelezo chema. Majaribio yake nchini Kenya mwaka 2005 yalilenga ulipaji wa mikopo midogo. Watu wakaigeuza kuwa njia ya kutumiana fedha, na huduma ilipozinduliwa mwaka 2007 ilifuata matumizi hayo ya watu wenyewe.

Leo jina limeenea, lakini nia imefinyaa. Aghalabu kazi ya msanifu ni kupanga vipande vilivyokwisha kuchongwa na wengine: kitufe, orodha, kisanduku, rangi. Material Design, iliyotolewa na Google mwaka 2014, ni ghala mojawapo la vipande hivyo. Faida yake haina ubishi, kwani mtu hahitaji kujifunza upya mahali pa kubonyeza kila apatapo programu mpya. Walakini maneno yaandikwayo juu ya vipande huja mwisho, kama chapa inayopigwa juu ya gunia lililokwisha kushonwa.

Katika kanuni 10 alizozitoa mwaka 1994, Jakob Nielsen aliweka ya pili kwamba mtambo useme lugha ya mtumiaji. Ni kanuni njema iliyofasiriwa kwa ufinyu. Wafuasi wengi wameichukua "lugha" kuwa ni msamiati tu: istilahi za wahandisi ziondolewe, maneno ya kawaida yatiwe, kisha mfasiri akabidhiwe orodha. Sarufi imesahauliwa.

Programu nyingi hutunga taarifa kwa kiunzi chenye pengo. Jina la kitu hutiwa penye pengo, na kitenzi hubaki vilevile. Kiingereza huvumilia jambo hilo, kwa kuwa kitenzi chake hakifuati aina ya nomino. Kiswahili hakivumilii. Picha imefutwa, kikundi kimefutwa, ujumbe umefutwa, jina limefutwa. Kiunzi kimoja chenye "imefutwa" kitazaa "kikundi imefutwa", kosa ambalo mtoto wa shule ya msingi angelisahihisha, na lawama itamwangukia mfasiri. Kanuni za wingi za Unicode, zitegemewazo na waundaji wengi wa programu, zinakigawa Kiswahili katika mafungu 2, la umoja na la wingi. Juu ya ngeli hazisemi kitu.

Lililo zito zaidi ni swala la nafsi. Kitufe cha "Tuma" ni amri: mtu anauamuru mtambo. "Futa" ni hivyo hivyo. Lakini "Kubali", kikiwa na umbo lile lile la kisarufi, kinageuza uhusiano huo, kwani sasa mtambo ndio unaomwamuru mtu. Kiingereza huificha tofauti hii, kwa sababu kitenzi chake kikiwa tupu chaweza kusomwa kama amri au kama jina la tendo tu. Mfasiri anayefuata neno kwa neno hugeuza ombi la ridhaa likawa agizo. Hili si swala la mapambo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data inataka ridhaa iwe ya hiari, ya wazi, nayo itolewe na mtu anayefahamu anachokiridhia. Na kwa mkopaji wa simu, kubonyeza mara moja kwaweza kumpa mkopeshaji ruhusa ya kusoma majina yote aliyoyahifadhi.

"Nakubali" ingelitosha. Silabi moja ya mwanzo humrudishia msemaji nafsi yake. Harry Brignull, aliyezipa jina mwaka 2010 zile hila za usanifu zinazomtega mtumiaji, aliwafunza wengi kuchunguza kisanduku kilichotiwa alama kabla na njia ya kutoka iliyofichwa. Wahakiki wa Kiswahili wana la kuongeza katika uchunguzi huo, kuanzia kwenye kitufe cha pili, ambacho mara nyingi hakiandikwi "Nakataa" bali "Baadaye", neno lisilokataa chochote.