Fundi wa Kubakiza

Dodoma ni mji wa watu wa mizigo. Uamuzi wa kuleta makao makuu ya nchi hapa ulifanyika 1973, ukakaa makabatini zaidi ya miaka 40, mpaka Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba safari hii ni kuhama kweli. Waziri Mkuu Majaliwa akatangulia Septemba mwaka huohuo, wizara zikafuata, na barabara ya Morogoro ikajaa malori yenye magodoro juu na majiko ya mkaa yakining'inia ubavuni. Bisha hodi Kisasa, Area C au Nkuhungu, hukosi mtu wa kukusimulia kioo cha kabati kilichovunjikia Gairo. Mtumishi aliyepata barua ya uhamisho mara tatu nne hujiona amehitimu katika kufunga mizigo, na mara nyingi ni kweli.

Ila lori husamehe. Ukishalikodi ni lako, unaweza kutupia hata ndoo iliyokatika mpini na yale matofali mawili uliyowekea friji. Meli haisamehi. Anayechangia kontena na wenzake hutozwa kwa mita ya ujazo, kwa hiyo hulipia hata upepo. Kochi la watu watatu lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kimo cha sentimeta 90 linakula karibu mita za ujazo 2, na zaidi ya nusu yake ni nafasi tupu chini ya miguu na juu ya makalio. Kwa ndege mambo ni hayohayo: boksi la sentimeta 60 kwa 50 kwa 40 huhesabiwa kuwa na kilo 20, hata kama ndani kuna mito ya kilo 5. Na ukijikaza ukachukua kontena zima la futi 20, mita zake 33 za ujazo ni hesabu ya karatasini. Makabati hayapangiki kama maji.

Kuchagua cha kuvusha bahari ni ufundi, na ufundi huu una wenyewe, ingawa hawana vyeti wala vibao barabarani. Ninayemjua mimi ni mwalimu mstaafu wa Makole, ambaye alimfuata mumewe Tabora, Sumbawanga na Songea kabla ya kutua hapa. Mtaani anaitwa Mwalimu, basi. Familia ikipata safari ya ng'ambo, ya masomo au ya kazi, mama mtu humfuata jioni: "Shikamoo Mwalimu, wanangu wanaondoka, njoo utusaidie." Huja na daftari, futi ya seremala na miwani iliyofungwa uzi, huomba kiti jikoni, na siku ya kwanza hagusi kitu. Anatazama tu. Anatazama sufuria ipi ina kitako cheusi na ipi inang'aa, mwiko upi umelika upande mmoja, sahani zipi zinashuka kabatini kila siku na zipi zina vumbi la Dodoma, lile jekundu jembamba linalopenya hata dirisha lililofungwa. Wenye nyumba watamwambia wanachokipenda. Vumbi linamwambia wanachokitumia, na yeye husikiliza vumbi kwanza.

Siku ya pili ndiyo ya maswali, nayo yote ni swali moja. Nimemsikia akimuuliza mhadhiri kijana aliyekuwa anakwenda Uingereza na mke na watoto, ameshika pasi mkononi: "Huko hawauzi pasi?"

"Wanauza, Mwalimu."

"Basi hii ina mtu hapa."

Kitu kina kazi kule, au kina mtu hapa. Hana fungu la tatu. Ndiyo maana simwiti fundi wa kufunga mizigo. Kufunga hufunga yeyote mwenye mikono. Yeye ni fundi wa kubakiza. Pasi ile ingewaka Uingereza bila shida, maana umeme wao ni volti 230 na plagi ni hii yetu ya pini tatu. Kumbe hata kitu kinachofaa kule kinaweza kukosa sababu ya kwenda. Wangekuwa wanaelekea Marekani, kwenye volti 120, yasingekuwapo hata majadiliano: pasi ingekuwa vuguvugu na blenda ingezunguka kwa uvivu.

Kinu cha mtama cha mhadhiri huyo, kizito na kirefu, alikiinamia akakuta vitundu viwili vidogo pembeni na unga laini chini yake, dalili ya wadudu wanaokula mti. Kikabaki. Kile kidogo cha kutwangia vitunguu saumu kikaenda. Kilipofika kibuyu cha maziwa, alikiweka sikioni akakitikisa. Mbegu mbili tatu zikalia ndani. Akaomba waya, akazitoa moja moja, akaamuru kisuuzwe kwa maji ya moto na kianikwe juani mpaka kikauke kabisa. Nchi nyingi hazitaki mbegu na udongo wa watu, na Australia na New Zealand ni miongoni mwa zilizo kali zaidi, hata tope kwenye soli ya kiatu ni kesi. Ngoma ya muheme iliyowambwa ngozi inabidi iulizwe mapema, na vinyago vya mpingo pia, maana tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti hiyo imo kwenye mkataba wa CITES, japo vitu vidogo vilivyokamilika vimeachiwa mlango wake. Makreti ya mbao nayo sharti yawe yametibiwa, kwa kawaida kwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30, na kugongwa muhuri. Mwalimu huyajua haya kwa kuuliza mawakala wa forodha bila haya, na kuyaandika.

Ufundi huu ni wa zamani katika nyanda hizi kuliko serikali zote zilizowahi kuhamia hapa. Misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita katikati ya Ugogo, nchi hiihii ya Dodoma, ikilipa hongo kwa watemi na kuhesabu kila kibuyu cha maji, maana nchi ni kame. Richard Burton, aliyepita 1857, aliandika kwamba mzigo wa mpagazi haukuzidi frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Nilicheka nilipogundua kuwa kilo 32 ndizo mashirika mengi ya ndege leo hayaruhusu begi moja kuzizidi. Mgongo wa mpagazi wa Kinyamwezi na mgongo wa kuli wa uwanja wa ndege imefikia hukumu ileile.

Na kuchagua kulikuwa na maana zaidi ya uzito. Mwandishi wa habari Stanley alipokuwa Unguja 1871 akijiandaa kumtafuta mmisionari na mvumbuzi Livingstone, ilibidi aulize wazoefu kuhusu shanga. Shanga nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, lakini ukivuka Ugogo nazo ni takataka. Unyamwezi walitaka nyekundu. Anayekosea rangi ameajiri watu wabebe mamia ya kilo za kitu ambacho hakinunui hata kuku mmoja. Tofauti kati ya shanga hizo na blenda ya volti 230 iliyofika Marekani siioni.

Mzigo mashuhuri kuliko wote uliopita njia hiyo kwenda ng'ambo ulifungwa na Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, mwanzoni mwa Mei 1873, wenzake walimwita Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, masanduku yakafunguliwa mbele ya wote na kila kilichomo kikaorodheshwa: kofia, saa, dira, vipimo. Moyo ukazikwa chini ya mti; mwili ukakaushwa juani, ukakunjwa miguu, ukavikwa kaliko na gamba la mti. Baada ya Unyanyembe, huko Tabora, walisikia kwamba wenyeji wa mbele hawatakubali maiti ipite. Wakafika Kasekera, wakakata mabua ya mtama, wakayavisha nguo yakawa mfano wa maiti, na watu wachache wakaondoka nayo kana kwamba wanairudisha kuzikwa. Usiku wakayatupa porini. Mwili wenyewe ukafungwa upya kama robota la kawaida la nguo. Ukafika Bagamoyo Februari 1874, na 18 Aprili ukazikwa Westminster Abbey. Sijui kama kuna wakala wa forodha aliyewahi kufikia daraja hilo. Ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni ile orodha mbele ya mashahidi, maana walijua kwamba watakaoulizwa mali ya marehemu ilikwenda wapi ni wao. Na kweli, Unyanyembe walimkuta Luteni Cameron, msafiri Mwingereza, akachukua vingi kati ya vile vipimo kwa safari yake, nao hawakufurahi.

Mfano wa kinyume uko Kongwa, mwendo mfupi mashariki ya hapa. Kuanzia 1947 Waingereza walishusha huko shehena ya kulima karanga: matrekta yaliyotumika vitani, hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta, kuja kupambana na mibuyu na udongo ambao kiangazi unakuwa mgumu kama tofali. Mvua ya kutosha hawakuileta, na haikuwapo. 1951 mradi ukafungwa. Walileta walichokuwa nacho ghalani, na hakuna aliyekaa kwanza kwenye kiti jikoni akatazama.

Baada ya kuchagua, kazi ya mikono haimchukui Mwalimu muda. Sahani za udongo huvikwa kanga moja moja, na kanga zenyewe zina kazi kule, kwa hiyo hakuna nafasi inayolipiwa bure. Boliti za kitanda huingia ndani ya soksi, soksi ikafungwa kwenye tendegu lake, na kila maungio yana namba ya penseli pande zote mbili. Ndani ya sufuria kubwa mna ndogo, ndani ya ndogo mna mlenda wa unga uliofungwa mara tatu. Jambo analolishikilia sana ni unyevu. Dodoma hupata chini ya milimita 600 za mvua kwa mwaka, mbao zetu ni kavu, nguo ni kavu, kila kitu kinaonekana salama. Kikishuka Dar es Salaam kinakaa siku kadhaa kwenye joto la jasho, kisha kinafungiwa chuma na kupelekwa kwenye baridi. Hewa ya ndani inageuka matone na kontena linanyesha kutoka darini. Mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kwa hiyo mvua hiyo ikapata muda mrefu zaidi wa kunyesha. Godoro la sponji kwake halina mjadala: linabaki. Anayetumia mfuko wa shangazi kaja kwa mzigo wa meli, Mwalimu humtazama kwa huruma.

Huzuia pia safari za Kariakoo za dakika ya mwisho. Watu hupenda kwenda na vitu vipya, wasionekane wanyonge. Lakini Uingereza humsamehe kodi anayehamia kwa vitu alivyovimiliki na kuvitumia angalau miezi 6, iwapo ameishi nje ya nchi hiyo miezi 12. Marekani hutaka mwaka mmoja wa matumizi. Sufuria nyeusi kitako ina haki mpakani kuliko mpya yenye karatasi ya bei. Orodha ya "boksi 7: vyombo" anaichana. Anataka "sahani 12, zimetumika miaka 5".

Halafu inakuja sehemu ambayo kampuni za kusafirisha hazina fomu yake. Daftari lina ukurasa wa pili, wa wanaobaki. Pale kwa mhadhiri, friji ilikwenda kwa mdogo wa mume aliyeko Mpwapwa, makochi kwa shangazi, na televisheni ikaleta maneno, kwa kuwa mume alisema "tutamwachia kaka" na kaka akaelewa amepewa. Mwalimu hakubali neno hilo. Mbele ya watu wawili au watatu atauliza: amepewa, au anatunza? Ndugu wengi wamenuniana miaka kwa sababu aliyerudi kutoka ng'ambo alikwenda kudai kitanda ambacho wenzake walishakilalia hadi kikawa chao. Kauli yake ni kwamba chochote chenye mota, kitambaa au sponji hutolewa moja kwa moja, kwa sababu baada ya miaka minne kitakuwa kimekufa na lawama itakuwa hai. Cha kutunza kiwe kichache: hati ya kiwanja, albamu za picha, na kwa familia ile, jiwe la kusagia uwele alilokuwa nalo bibi mzaa mke, ambalo mke alitaka liingie kontenani na mume akapiga hesabu ya kilo.

Wifi mtu wa Chamwino akajitolea kulitunza. Ila akasema kabisa kwamba yeye anasaga karibu kila siku, haliwezi kukaa kama pambo, na wakirudi watalikuta limelika zaidi ya hapo. Mke akanyamaza kidogo, akamtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuandika: jiwe moja, kutunza, litatumika.