"Mara Moja": Idadi au Haraka?

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomponza mfasiri yamo yale mafupi, adhaniayo kuwa ameyamaliza tangu shule ya msingi. Kielezi "once" ni kimojawapo. Mfasiri huandika "mara moja", akapita. Kumbe neno hilo lina kazi kadhaa: hutaja idadi; huashiria wakati uliopita usiotajwa; huunganisha matendo mawili yanayofuatana; na likitanguliwa na "at", huamrisha haraka.

Msemaji wa Kiurdu ajifunzaye Kiingereza hana budi kuzitenga kazi hizi, kwa kuwa lugha yake imekwisha kuzitenga. Idadi kwake ni "ek bar". Wakati uliopita ni "kabhi". Haraka ni "fauran", neno lenye asili ya Kiarabu. Kiswahili nacho hakikosi njia. Kwa wakati uliopita tuna "hapo zamani" na kitenzi kuwahi: "aliwahi kuwa diwani". Kwa matendo yanayofuatana twasema "akishalipa" au "mara tu alipapo". Tatizo letu limebaki mahali pamoja: idadi na haraka zimevishwa kanzu moja.

Tuchukue mifano miwili. Tuseme mgonjwa wa Jadida, huko Wete, amepewa dawa yenye maelezo haya: "Inywewe mara moja." Yeye ataimeza pale pale, kisha ataendelea nayo kesho na keshokutwa. Jirani yake, kwa maelezo yale yale, atameza dozi moja tu na nyingine ataziweka. Wote wawili wametii maandishi, na mmoja wao amedhurika. Mfano wa pili: "Mdaiwa atalipa deni mara moja." Je, alipe leo, au alipe lote kwa mkupuo, hata ikiwa ni mwakani? Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania Bara, sentensi kama hii si zoezi la darasani tena. Inaweza kumpotezea mtu nyumba.

Wapo watakaosema kwamba muktadha utatosha. Katika mazungumzo, hapana shaka, hutosha: msemaji ana sauti, ana uso, na msikilizaji anaweza kumwuliza. Karatasi haiulizwi ikajibu. Wapo pia watakaotaka tuunde neno jipya au tuazime "fauran". Kuazima si aibu. Jina la Jadida lenyewe kwa Kiarabu lina maana ya "mpya", na wasemaji wa Kiurdu nao wanalo "jadid". Lakini mwenye jembe nyumbani haendi kuazima kwa jirani. Maneno tunayo; tunachokosa ni nidhamu ya kuyagawia kazi.

Kwa hiyo tunaonelea hivi. Katika maandishi ya ofisi, sheria na tiba, "mara moja" iachiwe idadi, na ikamilishwe: "mara moja tu", "mara moja kwa siku". Kitendo cha pale pale kiitwe "papo hapo". Kitendo kinachoruhusiwa muda mfupi wa maandalizi kisemwe "bila ya kuchelewa", kwani mwanasheria huyatofautisha haya mawili. Malipo yasiyogawanywa yaitwe "kwa mkupuo mmoja". Katika maskani na sokoni watu waendelee kusema "njoo mara moja" kama walivyozoea. Hatuna haja ya kuwasahihisha, kwa maana wao wanaelewana.

Lawama yetu inawaelekea zaidi watungaji wa orodha za istilahi, nasi tumo. Tumezoea kuweka neno moja la Kiingereza kushoto na kisawe kimoja kulia, tukajiona tumemaliza. Kielezi hakifasiriki hivyo. Kila kazi ya neno ipewe mstari wake, na kila mstari upewe sentensi ya mfano, ili mwalimu na karani wasilazimike kubahatisha mahali ambapo mgonjwa na mdaiwa hawawezi kuvumilia bahati.