Kovu la Mwembe

Kisu cha kupandikizia hakitaki papara. Alfajiri, malori yakiwa yameanza kunguruma kwenye barabara ya Busia kwenda Malaba, nakinoa taratibu juu ya jiwe mpaka kiweze kunyoa nywele za mkono, kisha nakipangusa kwa spiriti. Kitalu changu kiko Alupe. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuchukua mche wa embe la kienyeji, ulioota kwenye kokwa, na kuufanya uzae embe la Apple au la Ngowe. Vitabu huiita kazi hii kupandikiza. Sisi wa vitaluni husema kugrafti. Leo nataka kuisifu, maana ndiyo iliyonifundisha kuwa baba.

Mche ukifikia unene wa penseli, naukata kichwa, kiasi cha shubiri moja juu ya udongo. Hapo ndipo wateja hushtuka. Wao hudhani kitakachokatwa ni kile kitawi kinacholetwa kutoka mti mwingine. Hawakutarajia kuona mche uliostawi, wenye majani yake mabichi, ukibaki kisiki cha kidole. Lakini hakuna njia nyingine. Asiyetaka kukatwa hawezi kupokea.

Kisha napasua kisiki katikati, nachonga kitawi pande mbili kama kabari, nakipenyeza. Siri yote iko chini ya gamba. Kuna utando mwembamba wa kijani, wenye majimaji, na huo ndio unaokua. Utando wa kitawi usipogusana na utando wa shina, hata ufunge kwa ustadi namna gani, baada ya wiki mbili utakuta kijiti kikavu. Na mara nyingi kitawi huwa chembamba kuliko shina. Mwanafunzi hukiweka katikati, kwa sababu kinapendeza macho. Fundi hukisogeza ukingoni, ngozi ikutane na ngozi upande mmoja, na ule upande wa pili akauacha bila kugusana. Upande mmoja unatosha kuanza.

Mimi na mke wangu tulingoja mtoto miaka tisa. Katika miaka hiyo nilikuwa nimemchora akilini: mvulana, mwenye paji la uso la marehemu mama yangu, atakayerithi kisu hiki. Niliomba kwa ajili yake kwa jina nililokwisha kumchagulia. Siku tuliyoamua kuasili, nililia, na mke wangu alidhani ni furaha. Ilikuwa ni kisu. Yule mvulana niliyemchora alikatwa siku hiyo, na sasa naweza kusema asingekatwa, binti yangu asingepata mahali pa kushika.

Alikuwa ameokotwa Malaba, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kuingia Uganda, akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Hakuna aliyejua mama yake alitoka Amagoro au Tororo. Mpaka ule uliwakata Wateso katikati, lakini lugha ni moja, nyuso ni zilezile, na mtoto wa umri ule hawezi kuulizwa. Ndipo nilipojifunza kwamba Katiba yetu ya 2010, katika Ibara ya 14, inasema mtoto anayeonekana kuwa chini ya miaka 8, akikutwa Kenya huku wazazi wake na uraia wake havijulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Nimeisoma ibara hiyo mara nyingi. Kwa mtu wa mpakani, ambako kila mmoja huulizwa kitambulisho, ni jambo kubwa kwamba sheria ya nchi inaweza kumwambia mtoto asiye na karatasi hata moja: wewe ni wetu.

Njia yenyewe ilikuwa ndefu, na sitaieleza yote. Barua ya chifu, cheti cha tabia njema, vipimo vya hospitali, wageni waliokuja kukagua tunalala wapi na tunakula nini. Sheria inataka anayeasili awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Inataka pia mtoto awe amekaa mikononi mwa wanaomwomba kwa miezi 3 mfululizo kabla ya ombi kufika mahakamani. Wengi hulalamikia miezi hiyo. Mimi niliielewa mara moja. Ukanda wa plastiki ninaofungia miche yangu nao hukaa muda kama huo. Ukiufungua mapema, unakuta majani yamechipua na unadhani mambo tayari, kumbe yale majani yanakula akiba iliyokuwa ndani ya kitawi. Upepo mmoja tu, kinang'oka.

Hilo nililijua kwa miche, nikalisahau kwa mtoto. Jumapili ya kwanza baada ya kuja nyumbani tulimpeleka kanisani kwa shukrani. Tulimvika gauni jeupe, watu wakapiga vigelegele, akina mama wakampokezana mikononi mmoja baada ya mwingine, wakimwombea kwa sauti. Walimpenda kwa dhati, na mimi nilisimama pale nikimsifu Mungu. Usiku ule hakulala. Asubuhi tulikuta ugali umefichwa chini ya mto wake, na kwa wiki tatu hakutaka mkono wa mtu yeyote umguse. Nilikuwa nimechukua kitawi kilichofungwa jana nikakianika juani mbele ya umati.

Mche uliopandikizwa huwekwa kivulini. Haubebwi huku na huku kuonyeshwa wageni. Unafunikwa kimfuko chembamba ili usipoteze unyevu, unamwagiliwa kwenye mizizi, unaachwa. Tukaacha kwenda kwenye sherehe. Mke wangu akahamishia sala zake jikoni, kwa sauti ya chini, mtoto akiwa anacheza na sufuria. Na mimi nikatafuta ule ukingo mmoja ambapo ngozi ingekutana na ngozi. Hakutaka kubebwa, hakutaka kulishwa, lakini alipenda udongo. Nilipokuwa nikijaza mifuko ya miche alikuja akachuchumaa hatua mbili kutoka kwangu, akaanza kumimina udongo kutoka kopo moja hadi jingine. Sikumsemesha. Siku iliyofuata alikaa hatua moja. Tulijaza mifuko hivyo mwezi mzima, na hapo ndipo tuliposhikana. Aliponiita papa, kama watoto wa Kiteso wanavyowaita baba zao, alikuwa akitaka nimpe kopo.

Wanasheria husema kuasili, na ndani ya neno hilo kuna asili. Mahakama ikishatoa amri, mtoto huhesabiwa kana kwamba alizaliwa na wazazi wale ndani ya ndoa. Nashukuru kwa hilo. Linamlinda katika mirathi na katika jina. Hata hivyo, mimi nikiwa kitaluni naona ukweli mwingine usiopingana na ule. Kitawi cha Apple kikishikana na shina la kienyeji, huzaa Apple. Shina hutoa maji, hutoa chumvi za udongo, hutoa ustahimilivu wake wakati wa kiangazi, lakini halibadilishi embe. Kazi ya shina ni kunywesha. Binti yangu ana kicheko kisicho cha kwetu, anachora kwa mkono wa kushoto, na anakumbuka nyimbo baada ya kuzisikia mara moja, katika nyumba ambayo hakuna ajuaye kuimba. Hayo ameletewa na mti ambao sijauona.

Jirani yangu Mwislamu, mwenye duka mjini Busia, analea yatima kwa kafala, ambayo Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua. Kwao mtoto hubaki na jina la baba yake mzazi. Zamani niliona kama ni mapenzi yaliyopungua. Sasa naona kuna heshima ndani yake ambayo sisi Wakristo tunaweza kujifunza.

Mtume Paulo aliandika kwa Warumi juu ya kupandikiza, ila aliigeuza kazi juu chini. Mkulima huchukua tawi jema akalipachika kwenye shina gumu la kienyeji. Paulo anasema Mungu alichukua tawi la mzeituni mwitu akalipachika kwenye mzeituni wa shambani, na mwenyewe anakiri kwamba jambo hilo ni kinyume cha asili. Miaka mingi nilidhani mshona mahema yule hakukifahamu kilimo. Sasa naamini aliandika hivyo makusudi, kwa sababu neema haifuati kawaida ya kitalu. Mbele za Mungu mimi ndiye tawi la porini, nimepewa utamu wa shina nisilostahili. Mbele ya binti yangu mambo yanarudi kama yalivyo kitaluni: mimi ndiye shina la kienyeji, na utamu umekuja naye. Kwa hiyo watu wakiniambia tumemwokoa mtoto, moyo wangu hukataa.

Mzee mmoja wa ukoo aliniuliza, bila ubaya, damu ya huyu ni ya nani. Nilimpeleka kwenye mwembe wangu wa kwanza, wenye miaka kumi na mitano, nikamwonyesha lile kovu karibu na ardhi, ambapo gamba la chini ni jeusi lenye mikwaruzo na la juu ni laini zaidi. Kovu hilo halifutiki. Hakuna fundi anayejaribu kulifuta, na mti huwa hauvunjiki hapo.

Binti yangu ana miaka tisa sasa. Mwaka huu alipandikiza mche wake wa kwanza. Siku kumi kabla, tulikwenda kwa jirani kwenye mwembe mama kuondoa majani ya kile kitawi ili macho yake yavimbe, kisha tukarudi kukikata. Alichonga kabari vibaya mara mbili, mara ya tatu ikakaa. Wiki ya tatu machipukizi yalitoka, mekundu kama shaba. Alinikemea nilipotaka kuusogeza mche.

Jioni ile aliniuliza kama mti tuliokata kitawi uliumia. Nikamwambia twende tukautazame. Pale tulipokata, utomvu ulikuwa umekauka mweusi, na chini yake kulikuwa na machipukizi mawili. Aliligusa lile jeraha kwa kidole kwa muda mrefu. Kisha akakimbia nyumbani, akarudi na kopo la maji, akalimimina lote kwenye shina la mwembe ule mkubwa, ambao mizizi yake ilishafika kwenye maji kabla mimi sijazaliwa. Nikamchukulia kopo, nikaenda kumjazia tena.