Dunford Aliimaliza Fainali Kwenye Mchujo

Mashabiki wa kuogelea hapa Kisangani wakiirudia Olimpiki ya Beijing 2008, wanatazama fainali ambayo Michael Phelps wa Marekani aligusa ukuta mbele ya Milorad Čavić wa Serbia kwa sekunde 0.01. Mimi narudi nyuma siku mbili, jioni ya Agosti 14, mchujo wa mita 100 kipepeo. Hapo ndipo Jason Dunford wa Kenya, kijana wa miaka 21, alipoitupa nafasi yake ya medali.

51.14. Rekodi ya Olimpiki, iliyoifuta ile 51.25 ya Phelps ya Athens. Afrika Mashariki ilishangilia, na haikupita hata muda wa kukaa vizuri: dakika chache baadaye Čavić aliogelea 50.76, rekodi ikawa yake. Sasa niambieni, ile kasi ilikuwa ya nini? Waliokuwa wanatafutwa jioni ile ni watu 16 wa nusu fainali, basi. Mchujo hauna jukwaa la medali. Kijana mwenye uwezo wake angepita kwa kuogelea mbio safi, ageuke vizuri ukutani, kisha alegeze mita za mwisho.

Na ratiba ya Beijing wote waliijua mapema. Kwa ajili ya televisheni za Marekani, michujo iliwekwa jioni, nusu fainali na fainali zikapelekwa asubuhi. Aliyejimaliza jioni alibaki na usiku mmoja tu kabla ya nusu fainali. Tena kipepeo haina huruma: mabega yakichoka nyonga zinazama, mikono inaburuta maji, na mita 15 za mwisho unapitwa.

Agosti 16 Dunford akamaliza wa tano kwa 51.47. Shaba ilikwenda kwa Lauterstein wa Australia, 51.12, Crocker wa Marekani akawa wa nne, 51.13. Fanyeni hesabu wenyewe. Kwa muda wa mchujo angekuwa 0.02 tu nyuma ya shaba. Kwa muda wa fainali alikuwa nyuma kwa 0.35. Ile kasi alikuwa nayo, akaitumia siku isiyolipa.

Mtasema Čavić na Phelps nao walishuka chini ya 51 jioni ileile. Ndiyo, na fainali wakashuka tena, 50.59 na 50.58. Walikuwa na akiba. Penny Heyns wa Afrika Kusini naye, Atlanta 1996, aliweka rekodi ya dunia kwenye mchujo wa mita 100 kifua, 1:07.02, kisha akashinda fainali kwa 1:07.73. Yule alikuwa Heyns. Hata akipungua, hakuna aliyemfikia.

Kirsty Coventry ndiye mwalimu wangu katika hili. Wiki ileile Beijing alivunja rekodi ya dunia ya mita 100 mgongo, 58.77, lakini katika nusu fainali. Fainali akaogelea 59.19, Coughlin wa Marekani akachukua dhahabu kwa 58.96. Mita 200 mgongo hakurudia kosa hilo: rekodi ya dunia, 2:05.24, aliiweka fainalini, na dhahabu ikaenda Zimbabwe.

Mbali na mchujo ule, kazi ya Dunford haina dosari: Mkenya wa kwanza kufika fainali ya kuogelea ya Olimpiki, na dhahabu ya mita 50 kipepeo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi 2010.

Sisi Kongo hatujafika hata pa kukosea hivyo. Beijing tulimpeleka Stany Kempompo Ngangola, mita 50 mtindo huru. Paris 2024 Aristote Ndombe, mita 50 tena. Mbio hizo unazimaliza bila kujifunza kugawa nguvu. Watoto wa Wagenya, wavuvi wa maporomoko yetu hapa Kisangani, wanajua kugawa nguvu tangu wadogo, maana maporomoko hayo hayavukwi kwa pupa. Kocha mwenye kijana wa aina hiyo amwandikishe mita 100, ampe muda wa mchujo kabla hajapanda kibaoni, na akiupita kwa sekunde nzima amkemee palepale, hata kama uwanja mzima unampigia makofi.