Mfanyabiashara Mmoja au Mabepari Wengi? Tafsiri ya Kiswahili katika Ufundishaji wa Fasihi na Utamaduni wa Uingereza, Shahada ya Kwanza

1.0 Utangulizi

Tangu Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, mjadala kuhusu fasihi ya Uingereza katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki umetawaliwa na suala la nafasi: ikae katikati au pembeni? Waraka ule haukutaka fasihi ya Ulaya ifutwe. Ulitaka Afrika iwe kitovu, na fasihi nyingine zitazamwe kutokea hapo. Swali lililobaki ni la mbinu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyeko Kampala au Nairobi ataitazamaje Uingereza kutokea hapo alipo?

Makala haya yanadai kwamba jibu mojawapo limekuwapo rafuni tangu 1969, nalo ni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius K. Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare. Ni rahisi kuihesabu tafsiri hiyo kuwa mali ya somo la Kiswahili tu, au msaada kwa aliyeshindwa na Kiingereza. Mitazamo yote miwili inaupoteza uhakiki uliomo ndani yake.

2.0 Neno moja, usomaji mzima

Anwani ya Shakespeare, The Merchant of Venice, iko katika umoja. Mfanyabiashara huyo ni Antonio, Mkristo anayeheshimiwa. Shylock, Myahudi mkopeshaji, hamo katika anwani. Nyerere aliweka wingi. Tena alichagua neno ambalo, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilikwisha kuwa jina la mnyonyaji. Kwa hatua hiyo Antonio alitiwa katika kundi moja na adui yake.

Je, tamthilia yenyewe inaukubali usomaji huo? Inaukubali kwa kiasi kikubwa. Mali ya Antonio imo katika merikebu zilizotawanyika hadi Tripoli, Mexico na Uingereza kwenyewe. Mahakamani, Shylock anawakumbusha wakubwa wa Venisi kwamba wao pia wana watumwa waliowanunua. Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anaanza kwa kuuliza yupi ni mfanyabiashara na yupi ni Myahudi, kana kwamba kwa macho hawatofautiki. Mwanafunzi aliyeanza na wingi wa Nyerere huwa amekwisha kuandaliwa kuyaona haya. Aliyeanza na umoja aweza kuyapita.

3.0 Kinachofunikwa na kinachorudi

Hata hivyo, anwani ya Nyerere ina gharama zake. Ubepari ni suala la tabaka, ilhali masaibu ya Shylock hayatokani na tabaka peke yake. Antonio amemtemea mate, na mwishoni anadai kwamba Shylock abadili dini awe Mkristo. Mkopeshaji Mkristo asingeweza kupewa adhabu hiyo. Anayesoma tafsiri bila historia anaweza kuamini kwamba mgogoro ni wa fedha tu.

Hapa ndipo neno "utamaduni" katika jina la kozi linapopaswa kufanya kazi. Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Wayahudi kutoka Uingereza mwaka 1290, na hawakuishi humo kwa uwazi tena hadi miaka ya 1650. Tamthilia iliandikwa takriban mwaka 1596 au 1597, kwa hadhira ambayo haikuwa na jumuiya ya Kiyahudi iliyoabudu hadharani miongoni mwake. Riba nayo ilikuwa jambo la Waingereza wenyewe: sheria ya 1571 iliivumilia riba isiyozidi asilimia 10, na baba yake Shakespeare alishtakiwa mwaka 1570 kwa kutoza riba kupita kiasi. Shylock, basi, ni mgeni aliyebebeshwa dhambi ya wenyeji.

Neno "bepari" lina historia inayofanana na hiyo. Kiswahili kililipata kutoka lugha za Kihindi, ambako lilimaanisha mfanyabiashara tu. Kwa hiyo neno lililochaguliwa kutaja tabaka limebeba pia kivuli cha mfanyabiashara mgeni. Miaka mitatu baada ya tafsiri kutoka, mwaka 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Maelfu yao walikwenda Uingereza. Mmoja wao, Mahmood Mamdani, alichapisha mwaka 1973 kitabu kuhusu maisha ya kambi ya wakimbizi jijini London. Kwa mwanafunzi wa Kampala, kufukuzwa kwa mwaka 1290 si habari ya mbali. Na utamaduni wa Uingereza ya leo, kwa sehemu, umetokana na yaliyotendeka mjini kwake.

4.0 Hoja pinzani na mapendekezo

Yaweza kusemwa kwamba nje ya Tanzania na pwani, wanafunzi wengi wa Uganda, Rwanda au Burundi hawana Kiswahili cha kutosha kuisoma tafsiri ya shairi huru. Ugumu huo ni wa kweli, lakini una faida. Pale ambapo Kiingereza na Kiswahili zote ni lugha za kujifunza, hakuna matini inayojitwalia cheo cha kuwa kipimo cha nyingine.

Yanapendekezwa mambo matatu. Kwanza, kozi za fasihi ya Uingereza zifundishe matini asilia sambamba na tafsiri. Makbeth (1968) na Tufani (1969) za S. Mushi zinafaa pia. Pili, mitihani ipime maelezo ya tofauti baina ya matini mbili, wala si kutafuta makosa ya mfasiri. Tatu, idara za Kiswahili na za fasihi zigawane kozi hizo, kwa kuwa mhadhiri mmoja ni nadra kuwa na ujuzi wote unaohitajika.

Bila hayo, kuibakiza fasihi ya Uingereza mitaalani kutakuwa mazoea, na kuiondoa kutakuwa hasira. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini umoja uligeuka wingi amekwisha kuihakiki Uingereza, na pia Afrika Mashariki iliyoifasiri.