Mistari ya Rola Ilivyoondolewa Ukutani

Asubuhi ukuta wa sebule ulionekana safi. Saa kumi na moja jioni, jua la magharibi lilipoingia dirishani na kuupiga ubavuni, mistari ikajitokeza: mipana kama rola yenyewe, kutoka darini hadi chini. Mwenye nyumba, mkazi wa Dar es Salaam, akailaumu rangi. Rangi haikuwa na kosa.

Ukuta huo una urefu wa mita 5 na kimo cha mita 2.8, yaani mita 14 za mraba. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo ulihitaji kama lita moja na nusu. Fundi alitumia pungufu ya lita moja. Rangi ilipopungua kwenye rola hakuchovya tena, alikandamiza. Hapo ndipo ubaya unapoanza, maana rola ikikandamizwa, rangi hukamuliwa kwenye ncha zake mbili na kuacha matuta membamba yanayokwenda sambamba kama reli.

Kosa la pili lilikuwa la muda. Alizungushia brashi ukuta mzima kwanza, konani, chini ya dari na kando ya swichi, kisha akaenda kunywa chai huku pangaboi likizunguka kwa kasi. Aliporudi na rola, ukanda wa brashi ulikuwa umeshakauka. Rangi ya maji hushika kadiri maji yanavyotoka, na upepo huyaharakisha. Rangi mbichi ikipita juu ya iliyokwisha kushika, haziungani tena. Pale panakuwa na tabaka mbili, na mng'ao wake hautafanana na wa jirani. Kwa rangi za silki jambo hili huonekana waziwazi. Zisizong'aa husitiri kidogo.

Tena skimu, yaani lipu laini ya juu ya ukuta, ilikuwa haijapakwa prima (rangi ya msingi), ikawa inafyonza maji kwa kiu, huku zaidi, kule kidogo.

Marekebisho yalichukua siku moja. Matuta yalilainishwa kwa msasa namba 120, vumbi likafutwa kwa kitambaa chenye unyevu, na ukuta ulipokauka ukapakwa prima. Mkono wa rangi ulipofika, pangaboi lilizimwa na watu wawili wakashika kazi: mmoja alitangulia na brashi kwa kipande cha mita moja tu, mwenzake akafuata na rola yenye mpini mrefu kabla ukanda haujakauka. Rola ilichovywa mara kwa mara, ikaviringishwa kwenye mteremko wa trei hadi ikaacha kudondosha, na kila pito lilipanda nusu ya lililotangulia. Kila kipande kilimaliziwa kwa kuteremsha rola taratibu kutoka juu hadi chini, bila nguvu, upande mmoja tu. Walianzia kona moja na hawakusimama hadi kona ya pili. Sehemu iliyorukwa ikishakauka haiguswi. Husubiri mkono wa pili, maana kiraka nacho huonekana.

Walitumia lita tatu kasoro kwa mikono miwili. Kesho yake, saa kumi na moja jioni, jua liliupiga ukuta uleule kutoka dirisha lilelile, na hapakuonekana mstari hata mmoja.