Hadubini ya Heisenberg

Makala ya Werner Heisenberg ya mwaka 1927 yasifiwa kwa kuuweka wazi mpaka wa kipimo: mahali pa elektroni na mwendo wake haviwezi kujulikana vyote viwili kwa usahihi kamili, kadiri kimoja kinavyobanwa ndivyo kingine kinavyolegea. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini mfano alioutumia kulieleza jambo hilo umewapoteza wasomaji wengi.

Mfano wenyewe ni wa hadubini. Atakaye kuiona elektroni hana budi kuimulika. Na ili apaone mahali pake barabara, yampasa kutumia miali ya gama, ambayo mawimbi yake ni mafupi mno. Miali hiyo huipiga elektroni kumbo, mwendo wake ukabadilika. Mfano huu wakumbukwa upesi, na hapo ndipo penye hatari. Msomaji hutoka akidhani kwamba elektroni ilikuwa na mahali na mwendo kamili kabla ya kumulikwa, na kwamba kosa ni la chombo, kama mkono mzito uliovunja yai kwa kulipapasa. Hesabu haisemi hivyo. Kennard, aliyeithibitisha kanuni mwaka huo huo, hakuhitaji hadubini: mtawanyiko umo katika hali yenyewe ya elektroni, iguswe isiguswe.

Tena mfano ulikuwa na kasoro yake. Bohr alionyesha kwamba kumbo peke yake halitoshi, maana kumbo lenye kipimo kinachojulikana laweza kuondolewa katika hesabu. Shaka yatokana na upana wa lenzi, usioruhusu kujua nuru iliingia kwa upande gani. Heisenberg alikiri katika nyongeza mwishoni mwa makala. (Mwaka 1923, katika mtihani wake wa udaktari huko Munich, Wien alimwuliza juu ya uwezo wa hadubini, naye akashindwa kujibu.)

Mwaka 2003 Ozawa alithibitisha kwamba usumbufu wa kupima na mtawanyiko si kitu kimoja: kipimo chaweza kusumbua kwa uchache kuliko mfano unavyodai, na mtawanyiko usipungue hata kidogo.

Mwalimu angefanya vema kuanza na sauti. Uvumi mrefu wa siwa hujulikana mara moja kama ni wa juu au wa chini. Mlio mfupi kama kufumba na kufumbua hauna daraja dhahiri, wala halaumiwi msikilizaji. Mfano huu nao una upungufu: sauti huenea ukumbini kote, ilhali elektroni ipimwapo huonekana mahali pamoja tu.